Mkeka Kati ya Babu na Mama

Vijana wangu mnaosomea uuguzi,

Juzi mmoja wenu aliniuliza, siku zile tulikuwa tukitumia vifaa gani. Nikamjibu kwamba kifaa cha kwanza kilikuwa maji ya moto ya kupashia mikono. Akacheka, akidhani bibi anamtania. Sikumtania. Basi nimekaa niwaandikie, nanyi mnivumilie, maana naandika polepole. Shule yangu iliishia darasa la nne huko kwetu Igowole, na hata darasani nilikuwa naandika huku nimekinga daftari kwa mkono wa kushoto ili mwalimu asione. Nilikuwa na aibu iliyopita kiasi. Mgeni akija nyumbani, mimi nilijificha nyuma ya kihenge cha mahindi mpaka aage.

Na mtu huyo ndiye aliyepelekwa kuingia nyumba za watu asiowajua.

Kazi yenyewe mtaielewa upesi. Walikuwapo watoto ambao daktari amekwisha kusema hapana dawa tena ya kuwaponya. Wengine wazazi waliwarudisha nyumbani wenyewe, wengine waliomba wenyewe warudi, maana wodi si mahali pa mtoto kukaa akisubiri. Sisi tuliwafuata huko huko. Tuliwaosha, tukawageuza, tukawapunguzia maumivu, tukawafundisha mama zao kufanya hivyo hivyo. Hatukwenda kuponya. Tulikwenda ili siku zilizobaki ziwe siku za mtoto, zisiwe siku za ugonjwa peke yake.

Aliyenifundisha ni Mama Eliza, muuguzi wa Kihehe mwenye mabega mapana, aliyekuwa akitembea kwa kasi hivi kwamba nilimjua zaidi kwa mgongo kuliko kwa uso. Aliniokota katika kundi la wasichana tuliokuwa tukifua mashuka ya hospitali kule Iringa.

"Nimekuchagua kwa sababu hujui kupiga domo," aliniambia. "Mtoto mgonjwa anataka mtu anayejua kunyamaza."

Sikuthubutu kumwambia kwamba ile haikuwa hekima, ilikuwa aibu tu.

Siku yangu ya kwanza asubuhi ilikuwa ya baridi, mnajua baridi ya Iringa upepo unapopanda kutoka bondeni. Nikamwekea mtoto mkono tumboni bila kuupasha. Akarusha mateke, bakuli la maji likanimwagikia mapajani. Mama Eliza hakumgombeza mtoto.

"Hata mimi ningekupiga," alisema.

Tangu siku hiyo sijamgusa mgonjwa kwa mkono wa baridi. Ninyi mna glovu, lakini glovu nazo zina baridi. Zipasheni.

Mengine aliyonifundisha ni haya, nayaandika kama yanavyonijia. Ukiingia, kaa kwanza. Ukisimama mlangoni na mfuko wako unafanana na askari. Dawa chungu usiiite tamu. Sema ni chungu lakini haikai sana mdomoni, mtoto atakusamehe uchungu, uongo hatakusamehe. Midomo ikikauka, chukua pamba safi, izungushie kwenye kijiti, ichovye kwenye maji ya vuguvugu yenye asali kidogo, upake pembeni kwanza. Mtoto anayeshindwa kupumua akilala, chukua kiti cha mbao cha kawaida, kipindue juu ya godoro, mgongo wa kiti uwe mteremko, weka mito juu yake. Atalala huku ameketi. Siku hizi mna vitanda vya kukunja kwa kubonyeza. Vizuri sana, lakini umeme ukikatika, kumbukeni kiti.

Na mtoto akikuuliza kama atakufa? Hapo Mama Eliza alikuwa na neno moja tu: "Muulize yeye anadhani nini, kisha ufunge mdomo."

Kabla sijafika kwenye nyumba niliyokusudia kuwapeleka, ngoja niwaambie habari za Yustina, maana ndiye aliyenipa ufunguo wa nyumba ile.

Yustina alikuwa msichana wa miaka minane hivi, kwao ni pale pale Iringa mjini, karibu na soko. Alikuwa na uvimbe kwenye mfupa wa paja. Kitanda chake kilikuwa chini ya dirisha, na kutoka pale alikuwa akisikia malori yanavyopanda mlima. Aliyajua kwa sauti. "Hili limebeba mbao," atasema. "Hili ni tupu, dereva ana haraka ya kula." Mara nyingi alipatia, na alipokosea alisema lori ndilo lililokosea.

Siku moja, wakati nasubiri dawa ya maumivu imtulize, akaniamuru niimbe.

"Siwezi," nikamwambia.

"Huna sauti?"

"Ninayo. Naona haya."

Akafikiri. "Basi geukia ukutani. Mimi nikiogopa sindano huangalia ukuta."

Nikageuka. Nikaimba wimbo wa kanisani, beti zote, huku nimekazia macho ufa wa ukuta. Nilipomaliza, mama yake alikuwa amesimama mlangoni na majirani wawili, sikuwa na habari.

"Umeimba vizuri," Yustina alisema, "ila kama mtu aliyefungiwa chooni."

Nilimwimbia hivyo hivyo, mgongo kwake, mpaka alipotuacha majira ya upepo. Nililia njia nzima ya kurudi. Mama Eliza alinisubiri nimalize, kisha akanipa kitambaa na kusema kesho kuna mtoto mwingine. Mkilia lieni, lakini muwe na kitambaa.

Baadaye nilihamishiwa upande wa Mbeya, na huko ndiko nilikokutana na Lusajo.

Ukitoka Uyole ukashika njia ya Tukuyu, unapanda mpaka masikio yanaziba, kisha migomba inaanza na haiishi. Nilipewa chumba katika zahanati moja huko, na kila asubuhi nilishuka kijijini kwa miguu siku ya kwanza nimejitwika kiti cha zahanati, maana niliambiwa mtoto ninayemfuata hawezi kulala chali. Watu wa njiani walinisalimia huku wakikitazama kiti. Nadhani waliniona ni mgeni asiyeamini kama watampa pa kukaa.

Lusajo alikuwa na miaka kumi hivi. Alikuwa ameugua koo na maungo siku za nyuma, homa ikaingia moyoni. Daktari alisema moyo ule umechakaa kama wa mzee. Miguu ilivimba, pumzi ilikuwa fupi, lakini ulimi ulikuwa mzima kabisa.

"Wewe ndiye nesi?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Mbona unaongea na mlango?"

Nikageuza uso kidogo. Akaonekana kuridhika.

Nilipomletea chakula, alionja akaweka kijiko chini. "Hakina chumvi."

"Chumvi inakuvimbisha miguu."

"Basi weka kidogo, kivimbe kidole kimoja tu."

Baba yake alikuwa amekwenda kufanya kazi machimboni, mbali huko kusini, na habari zake zilikuja kwa nadra. Nyumbani alikuwapo mama yake, mwanamke mwembamba mchapakazi, na kila siku alikuja babu yake, mzaa baba, Mzee Ambilikile. Mzee huyu alikuwa mrefu, anavaa koti zito la kijeshi alilolipata zamani alipobebeshwa mizigo ya vita. Kiswahili chake alikiokota huko huko, kwa hiyo kilikuwa cha amri: simama, beba, twende, kunywa. Hata akikubembeleza ungedhani anakupanga mstari.

Jambo moja lilinishangaza. Mzee alikuwa akifika kwenye shina la mgomba mkubwa mbele ya nyumba, anakohoa. Mama Lusajo akisikia kikohozi kile, chakula kiwe kinachemka kiwe kinaungua, anaacha kila kitu, anatokea mlango wa nyuma na kupotelea migombani. Mzee akiondoka, anarudi. Nikadhani mzee ni mkali, pengine anampiga. Nikamwonea huruma, nikaanza kumkunjia mzee uso. Kumkunjia uso kwangu kulikuwa kumtazama viatu kwa hasira.

Halafu ikaja siku ya sufuria. Mama Lusajo alikuwa ameteremka mtoni. Mzee akaja, akakohoa, akaingia, akakaa. Mama akarudi kwa mlango wa nyuma, hakusikia kikohozi, akaingia jikoni kuchukua uji. Mimi nilikuwa nambadilisha Lusajo nguo, akaanza kuniponyoka mikononi. Nikapaza sauti, jambo nisilolifanya hata siku moja:

"Mama Lusajo, njoo umshike mgongo."

Akaja mbio na sufuria. Katikati ya nyumba, uso kwa uso, akakutana na baba mkwe wake. Sufuria ikaanguka. Mama akajifunika kanga kichwani, akaketi chini palepale penye uji, mgongo kwa mzee. Mzee naye akageukia ukuta, akajivuta koti juu ya kichwa. Nikabaki mimi nimesimama na mtoto mikononi, na watu wazima wawili wamejifunika nguo kama watoto wanaocheza kujificha.

Lusajo alicheka mpaka midomo ikaanza kuwa ya bluu, ikabidi nimwegemeze upesi kwenye kiti na kumpepea. Alipopata pumzi, alinieleza. Kwao, mke wa mtoto hamtazami baba wa mumewe. Hasimami naye njia moja, halali wala kula alipo, hataji hata jina lake. Si chuki, ni heshima, tena ya juu kabisa. Mwanamke anaanza siku anayoolewa na wengi wanaishia nayo kaburini.

Kesho yake mzee aliniuliza, "Nesi, kwenu wapi?"

"Igowole, upande wa Mufindi."

"Huko mnatazamana na wakwe?"

"Tunaheshimiana, mzee. Tunasalimiana kwa mbali."

"Huku mbali yenyewe haitoshi," alisema. Kisha akanipa ndizi ya kuchoma aliyomletea mjukuu wake, nikajua nimesamehewa. Sikumkunjia uso tena. Nyumba za watu zina sheria zake, vijana, na mgeni huziona siku anapozikanyaga. Ulizeni mapema, mtaokoa uji.

Siku zikaenda. Tulikuwa na furaha yetu. Mzee alileta filimbi ya tete, alileta ndama mlangoni amwone, na ndama akaingiza kichwa akala majani ya godoro. Lakini kila wiki pumzi ya Lusajo ilikuwa fupi kuliko ya wiki iliyopita. Asubuhi moja, namsugua visigino kwa mafuta, akaniambia:

"Nesi, babu akija mama anatoka. Mama akiingia babu anatoka. Wanapokezana kama walinzi."

"Ndivyo ilivyo kwenu."

"Najua. Lakini mimi nawataka wote wawili. Wakae hapa, huyu huku na huyu huku."

"Lini?"

"Kabla sijaondoka."

Nilikumbuka neno la Mama Eliza. Nikamuuliza, "Unadhani unaondoka?"

"Wewe hudhani?"

Nikafunga mdomo. Nikaendelea na visigino. Baadaye nikasema, "Nitajaribu." Aliitikia kwa kichwa, kama mtu mzima aliyeagiza kitu dukani.

Basi hapo ndipo kazi ilipoanza. Dawa ninayo, kiti ninacho, asali ninayo, lakini mtoto hakuomba kimojawapo. Na daktari alipopita siku ile kusikiliza kifua chake, aliniambia nje kwa sauti ndogo kwamba nisisubiri mvua ziishe.

Nilianza na mama. Alikuwa Mkristo, kwa hiyo nikamwomba mwinjilisti aje azungumze naye. Mwinjilisti akamweleza vizuri kwamba kukaa nyumba moja na baba mkwe si dhambi. Mama Lusajo akakubali. Siku iliyofuata kikohozi kikasikika, akasimama kwenye mlango wa nyuma, ameshika fremu kwa mikono yote miwili. Mzee alipotia mguu ndani, mlango wa nyuma ulikuwa mtupu.

Nilimkuta migombani anajifuta machozi kwa hasira.

"Moyo umekubali, nesi," alisema. "Miguu ndiyo imekataa. Tangu niolewe miguu hii imefundishwa kukimbia."

Nikamwendea mzee. Ilinichukua asubuhi nzima kupata sauti ya kumwambia, na niliyasema yote nikitazama vifungo vya koti lake.

"Mimi kumtazama si kitu," alijibu. "Nimezeeka, nani atanicheka? Atachekwa yeye. Wanawake wenzake watasema hana adabu, alimkodolea mkwe macho mwanawe akiwa mgonjwa. Atalisikia neno hilo mtoni mpaka na yeye awe bibi. Siwezi kumfanyia hivyo."

Basi kila mmoja alikuwa na heshima yake, na mtoto katikati.

Mkeka nao, msije mkanisifu bure, niliutundika kwa sababu ya upepo. Baridi ilikuwa ikiingia kwa mlango wa nyuma na kumpiga Lusajo mgongoni. Nikamwomba mama mkeka wake mkubwa wa matete, nikaufunga kamba kwenye boriti, ukashuka kando ya kitanda upande wa mlango ule. Mama alikuwa nyuma ya mkeka, amechuchumaa, anafunga pembe za chini. Mvua ikashuka ghafla, ile mvua ya kule inayopiga nyasi za paa mpaka husikii unachosema. Mzee akaja mbio na koti kichwani. Kama alikohoa, mvua ilimeza. Tulipogutuka amekwisha kukaa kwenye kigoda chake, anakamua maji ya koti.

Nikaona mkeka unatikisika. Mama anataka kutoka. Halafu ukaacha kutikisika. Nikainama kidogo nione, nikaona Lusajo amepenyeza mkono chini ya mkeka, amemshika mama yake kidole.

Mzee naye aliuona mkeka.

"Lusajo," alisema, "nyuma ya mkeka kuna nini?"

Lusajo akanitazama. Mimi nikatazama boriti.

"Kuku, babu."

"Kuku?"

"Mkubwa."

Mzee aliendelea na koti lake. Alikamua upande mmoja wa koti, akakamua upande wa pili, akarudia wa kwanza ambao ulikuwa hauna maji tena.

"Mvua ni kubwa," alisema mwishowe. "Mwambie kuku asitoke. Atalowa."

"Kuku, babu anasema usitoke," Lusajo akasema, "utalowa."

Mkeka ukatulia. Nikamkumbuka Yustina na ukuta wake. Nilikuwa nimeimba beti zote mbele ya watu wanne kwa sababu tu sikuwa nikiwatazama. Nikaenda jikoni kana kwamba nina kazi huko, nikacheka ndani ya kanga.

Tangu siku hiyo mkeka haukushuka. Mzee alikohoa pale pale kwenye mgomba, lakini sasa mama hakukimbilia nje. Alikimbilia nyuma ya mkeka, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Hawakutazamana. Hawakusemeshana. Lusajo ndiye aliyebeba maneno, huku amelala kwenye kiti changu kama hakimu.

"Mwambie kuku uji wa leo umeungua," mzee anasema.

"Kuku anasema uji ni wa nesi, babu."

"Aa. Basi mwambie kuku tumtafutie nesi mume asiyepika wala kuonja."

Nyuma ya mkeka kukatoka kicheko. Kidogo tu, kikazibwa na mkono. Mzee aliinamisha kichwa. Mkwewe alikuwa ameolewa miaka yote ile, na sidhani kama mzee alikuwa amewahi kukisikia kicheko chake.

"Kuku anacheka," alisema polepole, kwa Kiswahili kisicho na amri.

Siku nyingine akasimulia jinsi baba yake Lusajo alivyokuwa akiogopa vyura alipokuwa mdogo, hata akabebwa mgongoni kuvuka majaruba ya mpunga. Nyuma ya mkeka kukatoka minong'ono.

"Kuku anasema mpaka leo anawaogopa," Lusajo akasema, na ikabidi nimpepee tena kwa kucheka.

Kuna wakati nilijiuliza kama kicheko kile kinampunguzia siku. Nikamuuliza daktari alipopita. Akatazama mkeka, akatazama kiti, akaniambia niwaache.

Asubuhi aliyoondoka, ukungu ulikuwa mzito, huoni hata mgomba wa mbele. Nilipofika nilijua kwa kumsikiliza tu kabla sijaketi. Nilipasha mikono. Nikampa dawa yake ya maumivu kwa kijiko, matone machache juu ya ulimi, nikamlowesha midomo. Mzee alikuwa amekwisha kuja. Alikuwa amepiga magoti upande wake, mkono wake nyuma ya mgongo wa mtoto, kati ya mto na kiti. Upande wa pili, chini ya mkeka, ilikuwa imetokeza mikono miwili ya mama mpaka viwikoni, imeshika mkono mmoja mdogo.

Macho ya Lusajo yalikuwa yamefumba.

"Wote mpo?" aliuliza.

Mzee akamsogelea. Akakohoa, kile kikohozi chake cha kwenye mgomba. Lusajo akangoja. Nyuma ya mkeka, mama naye akakohoa.

"Basi," akasema Lusajo.

Hakusema tena. Pumzi ikawa inakuja na kukaa, inakuja na kukaa, kisha ikakaa. Hakuhangaika. Nilimwekea mkono kifuani mpaka nilipokuwa na hakika. Nikamwangalia mzee, naye akaelewa. Mama alielewa kwa mikono yake, sikuhitaji kumwambia.

Kilio kinakuja, tulijua sote, wanawake wa kijiji kizima wangefika baada ya muda mfupi, lakini kwa dakika ile kilikuwa hakijaanza. Mzee akasema, kwa mazoea:

"Lusajo, mwambie kuku..."

Akakoma. Aliyekuwa akibeba maneno hakuwapo tena. Nilimwona mzee yule aliyebeba mizigo ya vita anavyotazama mkeka, amelishikilia neno lake, hajui aliweke wapi. Na upande wa pili mama alikuwa anasubiri.

Vijana wangu, mimi ni mtu niliyejificha nyuma ya kihenge. Lakini nilijisikia nikisema, "Sema, mzee. Nitalipeleka mimi."

"Mwambie mama," alisema, si kuku tena. "Mwambie mtoto alitunzwa vizuri. Mwambie nimeona. Kila siku nilikuwa naona."

Nikaugeukia mkeka. Sikutazama chini. "Mama Lusajo," nikasema, na sauti ilitoka yote, "baba yako anasema mtoto alitunzwa vizuri. Anasema ameona. Kila siku alikuwa anaona."

Nyuma ya mkeka mama akasema: "Mwambie ndaga, nesi. Mwambie ndaga fijo."

Nikageuka. "Anasema asante, mzee. Asante sana."

"Nimesikia," alisema mzee, na hapo ndipo alipolia, na nyuma ya mkeka kilio kikaanza.

Mengine ya matanga sitayaandika. Walikuja watu wengi, wakamlilia na kumchezea ngoma kama kwao wanavyofanya, nami nikarudi zahanati kuoga na kutumia kitambaa cha Mama Eliza.

Baada ya matanga kwisha nilirudi kuchukua kiti, kwa kuwa kulikuwa na mtoto mwingine upande wa pili wa mto, naye hakuweza kulala chali. Kitanda cha Lusajo kilikuwa kimeondolewa. Mkeka ulikuwa bado unaning'inia katikati ya nyumba, haukingi chochote. Nikadhani wamechoka, wamesahau. Nikapanda juu ya kiti nifungue kamba.

"Uache, nesi," Mama Lusajo akasema.

Kabla sijamuuliza, kikohozi kikasikika kwenye mgomba. Nikamtazama miguu. Haikukimbia. Alikivuta kinu karibu na mkeka, akakaa, akaweka sufuria ya maharage katikati ya magoti na kuendelea kuchambua. Mzee akaingia kwa mlango wa mbele, akanisalimia, akakaa kwenye kigoda chake upande wake. Akavua koti, akalikunja. Akakohoa. Nyuma ya mkeka, mama akakohoa.

Nikainama kwake. "Siku hizi nani anabeba maneno?" nikamnong'oneza.

"Maneno gani?" alisema, anapuliza makapi. "Sisi tunakohoa tu."

Nikajitwika kiti changu, nikaaga pande zote mbili za mkeka, nikashika njia. Mpaka pale migomba inapopinda nilikuwa bado nawasikia nyuma yangu, mmoja, kisha mwingine.